Mota ya Pili Itafuata

Mheshimiwa Rais wa Manispaa ya Santa Brígida; Mwenyekiti wa Ardhi ya Jumuiya, don Fulgencio; Padri wetu, uliyekuja na maji ya baraka kwa ajili ya gari; Kiongozi wa Bendi; akina mama mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na ujumbe wangu; na ninyi mlio juu ya ukuta: mimi, msomi wenu mwenye shahada, Licenciado Heriberto Quiñones Balderas, Naibu Katibu wa Viwanda Vijavyo wa jimbo hili, nimefika kwenu kwa moyo mkunjufu na kwa msafara wa magari sita ya petroli. (Makofi kutoka kwa walioketi.)

Nimearifiwa kwamba leo mnapiga kura ya kuinua mikono. Mnaamua kama shamba la mahindi la bondeni, mlilolikabidhi kwa serikali ili pajengwe kiwanda cha magari ya umeme, mlichukue tena kabla mvua haijakolea, au mniongezee mwaka mmoja. Nakiri pia, bila kupepesa macho, kwamba tuliahidi kulilipia shamba hilo kwa gari la wagonjwa lenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, kwani lenye mota moja inasemekana halipandi mlima wa zahanati wakati wa matope.

(Doña Eusebia, mkunga: “Haisemekani, licenciado. Halipandi. Juzi Otilia tumempandisha na uchungu wake juu ya kiti cha kanisa, wanaume wanne, na mmoja akateleza.”)

Naupokea mchango huo wa kitaalamu. Hata hivyo, ndugu wananchi, kuchelewa kwa mota ya pili si kuchelewa, bali ni mpangilio, kwa maana hakuna mtengenezaji makini duniani anayetoa aina zote za gari lake siku moja. Kiwanda ni kama jiko la sherehe ya mtakatifu: ukianza mole, tamale na barbacoa kwa mkupuo, kimojawapo kitaungua. Kila mota inayoongezwa huja na nyaya zake, majaribio yake na mhuri wake wa ukaguzi. Betri nazo ni haba, hivyo hizo chache hufungwa kwanza kwenye gari lenye faida nono. Mwenye haraka hulipa zaidi, mwenye subira hungojea la bei nafuu. Ukiyaweka yote sokoni asubuhi moja, hata mwenye haraka atachukua la bei nafuu. Tena kila aina ikitoka, magazeti huandika upya, na gari moja likazaliwa mara tatu. (Bendi, ikidhani amemaliza, inampigia diana, muziki wa kumpongeza mgeni. Anasubiri iishe.)

(Don Fulgencio: “Tumekuelewa, licenciado. Sasa sisi tuko zamu ya ngapi?”)

Swali zuri, don Fulgencio. Kwa mujibu wa Mkakati Shirikishi wa Utoaji kwa Awamu, ninyi wa mota mbili ni awamu ya pili, nayo awamu ya pili, kikanuni, haiwezi kuitangulia ya kwanza.

(Doña Eusebia: “Na hiyo ya kwanza iko wapi?”)

(Sauti ya ukutani: “Iko mkutanoni, mama.” Kicheko.)

Utekelezaji kwa jumla umefikia asilimia themanini na saba nukta nne, ambapo themanini na saba ni maandalizi ya kifikra na nukta nne ni uzio. Mimi binafsi nimejitoa mhanga kwenda Korea, Ujerumani na Norwei, nikapanda magari ya mota mbili milimani, tena kwenye theluji, ili nijue kwa undani kile mnachokikosa.

Basi tuseme kwa sauti moja: Mota moja leo, mota mbili kesho! Subira ni nishati safi! Wanaokubali mwaka mmoja zaidi, mikono juu. (Ujumbe wote unainua mikono.)

(Don Fulgencio: “Wageni hawapigi kura hapa. Shusheni, tafadhali.” Inashushwa. Haubaki juu hata mkono mmoja.)

Nalipokea tokeo hilo kama awamu ya kwanza ya ridhaa. Kwa kuhitimisha, namshukuru Padri, ambaye maji yake ya baraka hayataharibika yakilingoja gari. Naishukuru kampuni mbia wa kiwanda chetu, ambayo jana, nilipoipigia simu kwa mara ya kwanza kuulizia rangi ya gari letu, ilinifahamisha kwa unyenyekevu kwamba wao hutengeneza feni za dari. Na nawashukuru ninyi mnaonigeuzia mgongo sasa hivi na kuteremka bondeni na majembe na mbegu. Mkifika, nawasihi, limeni kandokando ya lile jiwe la msingi la kiwanda bila kulikwaruza, kwa kuwa ni la kuazima, na Jumatatu linatakiwa kijiji kingine.