Mafuta ya Kondoo Juu ya Motokaa ya Bwana Miwani

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wazungu wawili na mbwa watatu. Nawaandikia nyinyi, Okumu na Shikuku, huko kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, kwa sababu habari itawafikia tu, na afadhali ifike kwa mkono wangu kabla Wanjala hajaitia chumvi.

Wanjala mnamjua. Mpishi wa Bwana Miwani. Yeye ndiye chanzo. Nimeandika jina lake mapema ili nikichoka kuandika, mjue wa kulaumu.

Bwana Miwani anarudi kwao Ulaya. Motokaa yake anataka kumuuzia mzungu mmoja mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, na huyo mzungu hana dereva. Jana Bwana aliniambia hivi: "Yeye penda motokaa, yeye chukua wewe pia. Yeye hapana penda, wewe rudi kwenu." Kwetu kuna nini? Ndugu yangu alichukua shamba langu nikiwa vitani Burma, na mpaka leo anasema alidhani nimekufa. (Hata nikisimama mbele yake anaendelea kudhani.) Kwa hivyo lazima motokaa ing'ae.

Shida ni rangi. Ile nyeusi imezeeka, imepauka kama magoti ya mtoto wakati wa kiangazi. Na huwezi kuisugua. Dereva aliyenitangulia, Mutiso, aliisugua kila Jumamosi kwa dawa ya kung'arisha shaba, mpaka kwenye bonet ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Kona moja unaona wekundu wa chini. Mutiso, kama uko hai, hiyo ni kazi yako. Mimi njia yangu ni ya upole. Naosha kwa maji mengi na sabuni kidogo, nakausha kwa ngozi laini, halafu kivulini napaka nta kidogo sana kwa flana, bila kukandamiza, kama unayempangusa uso mtoto aliyelala. Rangi haiondoki, na mng'ao unarudi.

Leo asubuhi nimeosha. Nimekausha. Nimefungua mkebe wa nta. Mtupu, umekwanguliwa mpaka chini.

Nikaenda jikoni. "Wanjala, nta yangu iko wapi?"

"Memsahib alitaka meza ing'ae," akasema bila kugeuka. "Mgeni atakula kwa meza, hatakula kwa motokaa."

"Na mimi nipake nini? Leo Jumapili, maduka yamefungwa."

Alikuwa anatoa mguu wa kondoo kwenye jiko. Akatazama mafuta yaliyojaa chini ya sinia, akanitazama mimi. "Wewe ukiwa mdogo, ngozi ikipauka, mama yako alikuwa anakupaka nini?"

"Mafuta ya kondoo."

"Sasa unaniuliza nini, mzee?"

(Hapo mtu mwenye akili angerudi alikotoka. Mimi niliuliza bakuli liko wapi.)

Lazima niseme ukweli, ilikubali. Rangi ile iliyanywa mafuta kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Kivulini, chini ya jakaranda, bonet ilinionyesha sura yangu yote, hata kovu la shavuni. Nikajiona tayari niko Mau Narok, nina chumba changu na blanketi mpya. Wanjala akatoka kutazama, akakunja mikono kama yeye ndiye aliyeiunda motokaa.

"Umeona? Na wewe ulikuwa unanililia mambo ya mkebe."

Saa tano na nusu Bwana akaita niilete mbele ya nyumba. Juani. Hapo ndipo nikasikia harufu. Wanjala hakuwa amesema kwamba yale mafuta yana chumvi, pilipili na yale majani ya viungo ya memsahib. Motokaa ilinukia Krismasi.

Halafu upepo wa ziwa ukaamka. Nyinyi mliwahi kukaa hapa Nakuru, mnajua ziwa likikauka vumbi lake ni jeupe kama unga wa ngano. Siku zingine linapita tu. Leo lilipata mahali pa kukaa. Kabla sijavuta pumzi mara kumi, motokaa nyeusi ilikuwa nyeupe. Na kupangusa niliogopa, maana kupangusa vumbi lile juu ya rangi nyembamba namna ile ni kama kupiga msasa. Nikasimama tu na flana mkononi.

Mbwa wa jirani akaja. Jina lake Kanali. Burma nilipigia saluti makanali wengi, lakini huyu ndiye wa kwanza kunifuata mwenyewe. Akaanza na madigadi ya mbele, akalamba kutoka chini kwenda juu, taratibu, kwa heshima. Kisha wakaja wenzake wawili.

Nikasema, "Kanali, toka." Kanali hakutoka.

Na wakati huohuo gari la mgeni likaingia getini, na Bwana Miwani akashuka ngazi kumpokea. Wote wawili wakasimama.

"Nani nafanya hii?" Bwana akauliza.

"Ni mimi, Bwana."

"Wewe napaka nini?"

"Mafuta, Bwana."

"Mafuta gani?"

Nikatazama dirisha la jikoni. Pazia lilikuwa linafungwa polepole.

"Ya kondoo, Bwana. Ya leo."

Bwana Miwani alivua miwani. Mgeni akamsukuma Kanali kwa goti, akainama kwenye bonet. Pale ulimi ulipopita, palibaki mstari mweusi unaong'aa kama maji ya kisima. Akapitisha kidole gumba.

"Hapa nani nasugua?"

"Hakuna aliyesugua, Bwana. Ni huyo mbwa, kwa ulimi."

Akainama tena, akatazama mistari yote ya mbwa, mmoja mmoja, kama anayekagua ngano. "Rangi iko," akamwambia Bwana Miwani. "Iko mzima." Kisha akanigeukia. "Wewe kuja Mau Narok Jumatano, leta motokaa. Mwezi moja mimi naangalia wewe. Na nyama hapana karibia motokaa."

Wakaingia kula. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia mgeni: "Mpishi, mchuzi ya mafuta ya kondoo iko wapi?"

Nikasikia sinia ikiwekwa chini.

"Imeisha, Bwana," Wanjala akasema.

Bwana Miwani akageuza kichwa, akaitazama motokaa kupitia dirishani kwa muda mrefu. Sijui baadaye aliongea nini na Wanjala. Najua tu kwamba mchana huu ameosha vyombo bila kuimba.

Jioni hii nimeiosha motokaa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara tatu. Kanali bado amekaa kando ya gurudumu. Naona mtaa huu wote wa Milimani ni yeye tu atakayenikumbuka.

Najua mtacheka. Lakini zimeni msumeno kwanza. Okumu amebaki na vidole vinane, na sitaki kulaumiwa kwa cha tatu kukatika.