YAH: Kunyimwa Ufagio Katika Chumba Namba 614

Mheshimiwa Meneja,

Shikamoo. Mimi ni Bupe, yule msichana wa chumba namba 614 aliyekuwa na shangazi yake na hakuwa anaongea. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Kwanza nashukuru. Hoteli yenu ni nzuri sana. Maji ya moto yanatoka bila mtu kuwasha jiko, na kila kichwa kinapewa mito minne. Lakini mmeniharibia maisha, na naomba nieleze kwa utaratibu.

Nimemaliza kidato cha nne. Shangazi Atuganile, aliyekuja semina kutoka Mbeya, anatafuta binti wa ukoo wa kuishi naye, ambaye atamsomesha uuguzi. Alinichukua nikae naye hapo siku mbili ili aone tabia yangu. Nilipoondoka nyumbani Gongo la Mboto, Mama aliniambia jambo moja tu: "Bupe, kule usikae kama mgeni."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliamka kabla hakujapambazuka, nikatandika kitanda changu, na cha shangazi alipoingia kuoga. Ufagio haupo, hivyo niliokota makombo kwa vidole. Tuliporudi kutoka kunywa chai, Dada Yuliana wa usafi alikuwa amevitandua vyote na kuvitandika upya. Shangazi akasifia. Alichosifia si kazi yangu.

2. Kwenye chai mna chapati, soseji, na kaka anayeuliza unataka yai la namna gani. Swali hilo ni gumu. Nilisema lolote, naye akaendelea kusubiri. Baadaye nilikusanya vyombo vya meza yetu na vya meza ya jirani, ambaye kumbe alikuwa hajamaliza. Nikiwa natafuta bomba lilipo, mhudumu wenu Kaka Gozbert akanipokonya huku anatabasamu. Shangazi akaniuliza kama nimevunja kitu.

3. Nilifua gauni la shangazi, nikalianika kwenye ukingo wa baraza. Simu ya chumbani ikalia. Nikapokea, nikaamkia. Kumbe ni mapokezi, wanaomba niliondoe.

4. Siku ya mwisho niliamua kumzuia Dada Yuliana. Nilitundika nje kile kibao cha "Tafadhali Usinisumbue", nikapiga deki kwa mataulo. Maji yakapita chini ya mlango. Wakaja yeye, fundi bomba na mlinzi. Shangazi akawaomba radhi wote watatu, mmoja mmoja.

Tangu hapo hajasema neno kuhusu Mbeya.

Kwa hiyo naomba mtualike tena siku mbili, wafanyakazi wote wa ghorofa ya sita wakiwa likizo. Acheni ndoo, sabuni na ufagio. Vyombo vya chai vya hoteli nzima nitaosha mimi. Soseji msiziondoe.

Nawatakia kazi njema, ambayo ndiyo niliyonyimwa. Nisalimieni Dada Yuliana, Kaka Gozbert, fundi bomba, na yule jirani wa meza kama bado yupo.

Ni mimi niliyejaribu,
Bupe Mwaisumo

Tanbihi: Kile kibao kiliingia kwenye begi langu kwa bahati mbaya. Nitakirudisha, ila si sasa. Nimekitundika mlangoni kwangu, na Mama ameshagonga mara tatu akiwa na ufagio. Taulo nimeliacha sakafuni tangu juzi, kama wageni wenu wanavyofanya, na hakuna aliyelibadilisha. Shangazi amepiga simu: kesho asubuhi anakuja kuona ninavyoishi nyumbani. Tafadhali mtumeni Dada Yuliana alfajiri, aje na vifaa vyake. Asigonge kwa nguvu, nitakuwa nimelala.