Karavani ya Bwana na Mama Mkwe

Leo nimeaibika, Njoroge, tena mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa aone. Nakuandikia upesi upate habari kutoka kwangu, kabla wachuma kahawa wa huku Mugutha hawajafika huko Thika wakaitia chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Unajua mambo yangu na Wambui yalipofikia. Baba yake amekubali. Mama yake ndiye aliyekuwa na shaka. Alisikia kwamba mimi ni dereva wa shamba, akasema vijana wa siku hizi wana maneno mengi, na kwamba hamtoi binti yake mpaka aone kazi yangu kwa macho yake mwenyewe. Akikataa yeye, Jumamosi hatupeleki pombe ya posa, na Wambui ndio basi.

Asubuhi Bwana, yule mzungu mwenye shamba, aliniambia nifunge karavani nyuma ya gari, maana yeye na memsabu, mkewe, wanasafiri. Karavani ni kinyumba cha bati juu ya magurudumu mawili, na kigurudumu kidogo mbele. Ndani kuna kitanda, jiko na mapazia, na jana memsabu alishapakia vyombo na kofia zake. Imekaa mwaka mzima nyuma ya kiwanda cha kahawa, pale ardhi inapoteremka kuelekea bwawa, gurudumu moja juu, jingine chini. Sijawahi kufunga karavani maishani mwangu. (Bwana hakuniuliza, nami sikumwambia.)

Nilirudisha gari kinyumenyume, likayumba kwenye mashimo, nikalisimamisha upande wa juu, hatua moja tu kutoka kwenye karavani. Nyapara wetu, mzee Gitau, akaniambia nirudi tena kidogo, na nisithubutu kutoa mawe yaliyozuia magurudumu kabla chuma hakijaingia kwenye chuma. Nikamjibu kwamba hatua moja si kitu, nitaivuta kwa mikono. Nikatoa mawe.

Na ikaja! Nilishika ule mkono wake wa chuma, nikakaza miguu, ikapanda. Ikabaki upana wa kiganja. Gitau alikuwa ameinama nyuma ya gari akifuta vumbi pale pa kufungia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni.

Ndipo mama yake Wambui akatokea njiani, akishuka kutoka juu, kiondo mgongoni. Hakuja kuchuma kahawa. Alikuja kunitazama.

Sasa Njoroge, sisi tumelelewa vipi? Ukikutana na mama mkwe kwenye njia nyembamba, unafanya nini? Unatoka njiani, unaingia majanini, unainamisha macho mpaka apite. Tulichapwa utotoni kwa ajili hiyo. Basi mwili wangu haukuniuliza. Niliachilia karavani, nikaingia majanini, nikavua kofia, nikatazama vidole vyangu vya miguu. (Adabu kamili. Hata wewe ungenisifu.)

Nikasikia vyombo vya memsabu vikigongana. Nilipoinua macho, karavani ilikuwa inarudi chini, mwanzoni taratibu, halafu si taratibu tena. Hapakuwa na mtu huko chini, namshukuru Mungu kwa hilo. Iliingia bwawani mpaka usawa wa madirisha, mlango ukafunguka, na kofia za memsabu zikatoka moja moja, zikaelea katikati ya bata.

Bwana akaja mbio. "Kwa nini wewe naachia?"

Ningesema nini? Nimtaje mama mkwe kwamba ndiye sababu, naye amesimama pale pale? Mtu hafanyi hivyo. Aibu ilinishika mpaka machozi yakanilengalenga. Bwana akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa gari. Kuanzia kesho nashika jembe.

Nilijua Wambui naye amekwenda na maji. Lakini mama yake hakuondoka. Alilitazama bwawa, kisha akamgeukia Gitau, maana kwa mila mimi hawezi kunisemesha ana kwa ana.

"Mwambie udereva sijauona," akasema. "Adabu nimeiona, tena imezidi. Jumamosi waje."

Akapiga hatua mbili, akasimama.

"Lakini waje kwa miguu."

Basi tafuta viatu vizuri, Njoroge, maana wewe ndiwe utakayebeba pombe. Njiani cheka mpaka ushibe. Tukifika mlangoni kwa mama, nakuomba, tazama vidole vyako vya miguu.