Injinia na Mashine Isiyo na Adabu

Habari ilishaenea mtaani Bondeni kabla kahawa haijachemka: kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Mbaraki, inatafuta mtu wa kompyuta. Dzoro, ambaye kwenye baraza la kahawa huitwa Injinia tangu alipotengeneza feni ya watu ikazunguka kinyume, alikuwa amepewa mtihani. Aweke Java, lugha ya programu, kwenye laptopu, aendeshe programu ya mfano isome faili la XML, maandishi yaliyopangwa kwa alama za mashine, lenye orodha ya mizigo, kisha apige simu kabla ya saa kumi. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na jasho lake halikuwa la joto peke yake.

"Java umeweka?" akauliza Kadzo, muuza mahamri.

"Nimeweka. Programu nimeishusha, yafunguka vizuri. Ikifika kwenye faili yagoma! Yasema mwanzo si sawa."

"Labda yakujua," akasema Yeslam. Huyu ndiye Balozi. Salamu zake huanza mtu akiwa mwisho wa mtaa. "Kazi mbili mwaka huu zimekutoa mbio."

"Balozi, leo usinitanie. Nikikosa hii narudi Marikiti kubeba viazi, na mgongo wenyewe ndio huu."

"Lifungue hilo faili tulione," akasema Kadzo. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Dzoro akalifungua. Juu kabisa, kabla ya chochote, paliandikwa: *Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mizigo ni kama ifuatavyo.*

Kadzo akacheka hata hamri likamponyoka. "Nani kaandika haya?"

Dzoro akamtazama Yeslam. Yeslam akatazama kikombe chake.

"Jana alinionyesha," akajitetea. "Nikaona yaanza tu mizigo, mizigo, kama watu wagomvi. Alipoinuka kidogo nikalitia salamu. Barua haiingii kwa watu bila hodi."

"Si barua, Balozi! Ni faili!"

"Latumwa, halitumwi?"

"Latumwa."

"Basi!"

"Yakhe, mstari wa kwanza ndio uiambiao mashine kuwa hii ni XML. Mbele yake haitaki neno!"

Akafuta salamu, akaendesha tena. Kwenye kioo mizigo ikajipanga: mchele, mabati, vigae. Baraza zima likapiga makofi.

"Haina adabu, lakini kazi yaijua," akanung'unika Yeslam.

"Kama mkwe wangu," akasema Kadzo.

Dzoro akapiga simu palepale, sauti akaifungulia wote wasikie. Bi Jacinta wa ile kampuni ya Mbaraki alipopokea tu, Dzoro akamrukia: "Imekubali! Mchele, mabati, vigae, vyote vimetoka!"

"Nani mwenzangu?" akauliza Bi Jacinta. "Hapa twahudumia wateja. Hata hujambo huna?"

Yeslam akamnyang'anya Dzoro simu. "Hujambo mama? Watoto hawajambo? Wazee je? Na jua hili, mwaonaje huko?" Akaendelea hata kahawa yake ikapoa, na upande wa pili mtu akawa anacheka.

"Baba," akasema Bi Jacinta mwishowe, "Jumatatu njoo ukae mapokezi. Na huyo wa kompyuta mje naye, lakini asizungumze na watu."