Maelezo Arobaini na Moja

Jumatatu, 10 Oktoba

Mkutano wa kuchagua namna ya kuunganisha matawi. Kila mmoja ofisini hufanya kazi kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya programu, na kila akihifadhi huandika maelezo mafupi ya alichofanya. Kazi ikiisha, tawi linaunganishwa na shina, yaani nakala kuu. Swali: vipi? Voahirana, wa meza inayonitazama, anataka kila hifadhi iingie na maelezo yake. Mimi nataka zote zibanwe ziwe moja. Nikahubiri usafi, nidhamu, na heshima kwa watakaokuja baada yetu. Nusura nijiamini mwenyewe.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Tawi langu lina hifadhi arobaini na moja, na maelezo yake hayakukusudiwa macho ya watu. "Kitufe kimekaa sawa. V. amevaa sweta la kijani." "Orodha ya akina mama. V. amenikatia nusu ya kitumbua chake bila kuombwa."

Madamu Harilala, bosi wetu, ataamua Ijumaa. Hadi hapo, mtu asiunganishe kitu.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimeunganisha. Madamu alikuwa kwa daktari wa meno. Arobaini na moja zimekuwa moja, maelezo yake: "Maboresho mbalimbali." Hakuna aliyeona. Nimeshuka ngazi kwenda kula huku napiga mluzi.

Jumatano, 12 Oktoba

Programu hii ni ya kliniki ya watoto huko Ambohidratrimo. Huwatumia akina mama tarehe za chanjo. Leo muuguzi amepiga simu: kwenye orodha mpya watoto kumi na wanane wanaitwa Jumapili, siku ambayo kliniki imefungwa. Tarehe zote zimesogea siku moja. Ujumbe unatumwa Ijumaa asubuhi. Muuguzi anasema kuna mama anayetembea kwa muda wa saa nne kufika, mtoto mgongoni.

Sehemu ya tarehe aliiandika Voahirana zamani, kabla sijaigusa. Madamu akamgeukia yeye. Voahirana akasema labda kosa ni lake, atalitafuta. Mimi nikawa nanoa penseli. Ofisini hakuna anayetumia penseli.

Mchana kutwa amepekua lile bonge langu, mistari elfu nne isiyo na mwanzo wala mwisho. Nikampelekea kikombe cha maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu cha kila siku. "Asante, kaka," akasema. "Nawe umechoka, nenda ukapumzike."

Kaka. Nimeenda. Sikupumzika.

Alhamisi, 13 Oktoba

Tawi la zamani bado lipo kwenye kompyuta yangu. Hila: kufuta maelezo ya aibu moja moja, kisha kumpa tawi likiwa safi. Nilipofika la tatu mashine ikagoma, ikanionyesha migongano kumi na tano, yaani mahali ambapo hifadhi zinapingana.

Nikainua macho. Voahirana alikuwa anasugua macho kwa kifundo cha mkono. Chakula chake kilikuwa pembeni, hakijafunguliwa. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikabeba kompyuta, nikaiweka mbele yake.

"Hifadhi zote zimo humu," nikasema. "Kosa ni langu. Ila usisome maelezo."

"Sasa Tahina, nitatafutaje bila kusoma?"

Robo saa tu. Hifadhi ya ishirini na sita: "Tarehe za chanjo. V. amekata nywele." Hapo ndipo nilipoongeza moja pasipohitajika moja.

Akaisoma mara mbili. Mimi nikakagua dari.

"Nilikata kwa sababu mpwa wangu aliniambukiza chawa," akasema.

"Hata hivyo," nikasema.

Akarekebisha tarehe. Kisha akarudi mwanzo akazisoma zote kwa mpangilio. Kwenye ya tisa alicheka. Alipofika ya mwisho hakucheka, alikaa tu, mkono juu ya kompyuta yangu kama anayeipasha joto.

Kwa Madamu nimekwenda mwenyewe. Amenikemea mpaka jino lake likaanza kuuma upya.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ujumbe umetoka. Tarehe ni sahihi. Madamu ameamua: kazi ndogo zibanwe, kazi kubwa ziingie na hifadhi zake zote. Tena Tahina asiunganishe chochote mpaka Voahirana akae naye wakikague pamoja, mstari kwa mstari. Madamu anadhani hiyo ni adhabu.

Wakati wa kutoka Voahirana akaniuliza kama nina shughuli Jumapili. Mama yake anapika.

"Uje hivyo hivyo ulivyo," akasema. "Usijitie makuu."

Hakuniita kaka.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mama yake ni fundi wa kudarizi mashuka, mtaa mzima unamjua. Nimeamua kumwambia kwamba nami nadarizi tangu utotoni, nilifundishwa na bibi. Nimetazama video mbili. Nimenunua sindano na nyuzi za rangi, nimejichoma vidole vitatu, na majeraha yanaonekana ya kifundi kabisa. Akitaka kuona kazi yangu, nitasema shuka liko kwa dobi.

Nimeipitia hila nzima mara mbili. Sioni pa kuharibika.