Pembetatu ya Njano na Ubatizo wa Hadassa

Alhamisi, 12 Mei 2011. Ganshoren.
Jumapili mjukuu wangu Hadassa anabatizwa Lubumbashi. Nitamwona kutoka huku Ulaya, kwenye kompyuta. Mwenze, mpinzani wangu katika kwaya, ana intaneti nyumbani, amenialika. Siendi! Nitatumia ya bure katika mkahawa wa Rukiya, mtaa jirani wa Koekelberg. Nimeijaribu leo. Pembetatu ya njano kwenye kioo cha kompyuta: hakuna intaneti. Mwanangu Hervé amenieleza kwa simu kwamba kompyuta hutuma swali mbali, kisha hungoja maneno machache inayoyajua. Yakirudi mengine, inajua kuna mtu amesimama mlangoni. Nimeipenda! Nilipokuwa mkuu wa shule nilibisha mlango wa darasa. Wanafunzi wasipojibu kwa pamoja “Bonjour, Monsieur le Directeur”, nilijua kuna mbuzi ndani.

Ijumaa, 13 Mei.
Aliyesimama mlangoni ni ukurasa wa masharti ya mkahawa. Rukiya amesema, papa, bonyeza tu “Nakubali”, tout le monde, kila mtu, anabonyeza. Nimemjibu kwamba siweki sahihi chini ya nisichokisoma. Kurasa arobaini na moja! Nilipofika ya kumi na mbili muda uliisha, nikarudishwa mwanzo. Mara tatu. Kahawa tatu.

Jumamosi, 14 Mei.
Akili imenijia. Kosa ni lile swali. Kompyuta isipouliza, pembetatu haitakuwa na la kusema. Nimemlazimisha Hervé anielekeze kwa simu pa kulizima. Amesema, bon, papa, hiyo ni kuvunja kipimajoto ili homa ishuke. Vijana! Pembetatu imetoweka. Nimealika kwaya nzima ije ishuhudie. Na Mwenze.

Jumapili, 15 Mei.
Watu kumi na wanane mkahawani, wote na vitenge vya kwaya. Pembetatu hakuna. Hadassa pia hakuna. Padri alikuwa ameshashika maji wakati Myriam, mama wa mtoto, alipopiga simu kuuliza niko wapi. Mwenze akasema taratibu, pole, vieux, mzee wangu, nipishe kidogo. Akafungua ule ukurasa wa masharti, akabonyeza “Nakubali” kwa kidole kimoja. Hakusoma hata mstari wa kwanza! Hadassa akatokea, kichwa kimelowa, analia kwa sauti ya ukoo wetu. Kwaya ikaimba. Nami nililia, nikasema ni vitunguu vya Rukiya. Mwenze alinipa leso yake. Sikuikataa.

Jumatatu, 16 Mei.
Nimerudisha leso, imefuliwa na kupigwa pasi. Hata hivyo, aliyekubali ni Mwenze, si mimi. Rukiya amenichapishia masharti yote kwenye karatasi. Desemba Hadassa anatimiza mwaka. Sherehe nitaiona palepale, bila kidole cha mtu. Nimefika ukurasa wa tatu. Muda upo.