Moto wa Chai, Moto wa Mkate

Jumatatu, 3 Juni

Siku imeanza vibaya. Dada amepiga simu kabla sijanywa chai. Jumapili anakuja na mumewe kubomoa tanuri la Baba.

Sababu yake ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Magoti ya Mama yamechoka, hawezi tena kuvuka ua kwenda kuoga kwenye baridi hii. Bafu lijengwe kando ya jiko. Na kando ya jiko ndipo lilipo tanuri. Dada anasema halijaoka mkate tangu Baba atutoke, lipu imebanduka, joto linakimbia kabla unga haujaumuka. Anasema ni kichuguu chenye mlango. Kichuguu!

Nimemkumbusha mgongo wa tanuri, yaani ule ukuta wa jikoni ambao tanuri limeuegemea kwa nje. Baba akioka alfajiri, ukuta ulibaki na joto mpaka jioni. Tukitoka kuoga tulikimbilia pale, migongo ukutani, meno yakigongana, tukigombea mkate ulioungua pembeni. Hadi leo ukuta una mstari unaong'aa, uliosuguliwa na migongo yetu.  Dada akasema kumbukumbu haziogeshi mtu.

Nikamwambia nitalifanya lishike joto tena. Akacheka. Akasema haya, Jumapili jioni ataweka mkono wake ukutani. Akikuta baridi, shemeji yangu ana nyundo.

Shemeji! Mtaa mzima unamwita Vipimo, kwa kuwa tepu ya kupimia haimtoki kiunoni. Hata mkate huupima kabla ya kuukata.

Jumanne, 4 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Nilikuwa nanyoa ndevu, mtaalamu akawa anaeleza redioni kuhusu lipu inayoweka akiba ya joto. Unatia nta ndani ya lipu. Ukuta ukipata joto, nta inayeyuka na kulinywa. Ukuta ukipoa, nta inaganda na kulirudisha. Rahisi hivyo! Mtaalamu akaanza kusema "lakini", nikazima redio. Wasomi hawaishiwi lakini.

Nta ni nini kama si mishumaa? Nimekusanya ya dukani, ya dharura, na bonge alilonipa fundi viatu, la kupakia uzi. Haikutosha. Nikapekua kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, nikakutana na mishumaa miwili mirefu ya harusi yetu. Siku ile umeme ulikatika keki haijakatwa. Tulicheza kwa mwanga wa ile mishumaa, bibi harusi akinikanyaga vidole na mimi nikijifanya ndio mtindo.

Nilisimama nayo mkononi kwa muda. Kisha nikachukua mmoja tu. Mtu asiseme sina moyo.

Nimeyeyusha, nimechanganya na saruji na mchanga, nimepiga lipu tanuri lote na ukuta wa jikoni, kuanzia juu ya ule mstari wa migongo yetu. Lipu laini kama siagi! Mama akapita, akauliza mbona jiko linanukia harusi. Nimemjibu kuwa hiyo ni sayansi.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi niliwasha moto mdogo. Ukuta ukapata joto taratibu, joto la kiganja cha mtu. Mama akaja na shali yake, akaegemea, akafumba macho. Akasema saa kama hizi Baba yenu alikuwa anapiga mluzi. Nikageuka upande, nikajifanya natafuta mwiko.

Hapo ndipo ningeacha. Lakini Vipimo akaingia kupima eneo la bafu, na mimi siwezi kumwona mtu yule bila kuongeza kuni. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Ukuta ukaanza kutoka jasho. Nikasema ni umande. Vipimo akauliza kwa adabu kama umande huwa unanuka mshumaa. Matone yakawa michirizi. Nje, kwenye kuba la tanuri, moshi, kisha ulimi wa moto, kisha ndimi. Tanuri zima likawa mshumaa mmoja mkubwa! Tukakimbilia ndoo. Maji yalipogusa, lipu ikapiga kelele na kuanguka vipande vipande kama magamba.

Katikati ya vurugu hizo nikasikia sauti ya Mama kutoka jikoni, imetulia kabisa: "Mwanangu, ukuta umenishika."

Maji yalikuwa yameupoza ukuta, na nta ikaganda kwenye shali yake. Ilibidi Mama atoke ndani ya shali kama mtu anayetoka ndani ya gunia, na shali ikabaki imening'inia ukutani peke yake. Vipimo alicheka mpaka akaketi chini.

Si mtu mbaya, ndiye aliyebeba ndoo nyingi. Ila naye alikuwa amesikiliza kipindi kilekile, na kwao redio haikuzimwa. Lipu ya nta ni ya kuta za vyumba, amesema, si ya tanuri. Joto likizidi, nta inatoka, inawaka, na lipu inabaki na vitundu kama sifongo. Nimemwambia angeniambia mapema. Akasema aliniona nina raha sana.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya. Nta ni mambo ya kike (sijamwambia mke wangu nimeandika hivi). Tanuri linataka nguvu! Nimepiga lipu ya saruji, nene, nzito, mchanga kidogo tu. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa ngumu kwa nje. Nikawasha moto wa kiume.

Pa!

Kipande kimeruka kutoka kwenye kuba, kimepita juu ya kichwa changu na kutua ndani ya kikombe cha Vipimo, aliyekuja eti kuchukua kalamu yake aliyoisahau. Pa! ya pili. Tukajificha nyuma ya pipa kama majambazi. Vipimo alikuwa ananieleza huku ameinama: maji yamefungiwa ndani ya lipu mbichi, moto unayageuza mvuke, mvuke unatafuta mlango, na ukiukosa unaupasua. Tena hata ikikauka, saruji ikipigwa moto mkali siku hadi siku inalegea na kuwa unga. Kisha akakitoa kile kipande kwenye chai na kukipima.

Jioni mke wangu akaniuliza mshumaa mmoja uko wapi. Nikaangalia dari. Hakupiga kelele. Aliuchukua uliobaki, akaufuta vumbi na kanga, akaondoka nao. Afadhali angepiga kelele.

Nimekwenda kukaa jikoni na Mama, migongo yetu kwenye ukuta wa baridi. Alikuwa anabandua nta kwenye shali kwa kucha. Nikamuuliza Baba alichanganya nini. Akasema mambo ya mchanganyiko hayajui vizuri: udongo, chokaa kidogo, matofali mabovu yaliyopondwa na kuchekechwa kama unga. Anachokumbuka yeye ni njaa. Baba akiziba nyufa za tanuri, nyumba ilikaa siku kadhaa bila mkate. Kwanza alitaka moto wa chai. Kesho yake moto wa uji. Kisha moto wa maharage. Mwisho kabisa ndipo moto wa mkate.

 Miaka yote hii nilidhani Baba alikuwa anapenda chai!

Kumbe alikuwa analikausha tanuri kidogo kidogo. Mama amesema Baba alikuwa na neno lake: lipu mpya ni mgeni, na mgeni hapokelewi kwa ng'ombe mzima. Mpe chai kwanza. Tukacheka wote wawili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeponda matofali tangu asubuhi. Vipimo amechekecha, maana amesema mimi nachekecha kama mtu anayefukuza kuku. Lipu nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Mama aliletewa kiti, akawa anatoa amri.

Jioni, moto wa chai. Kiganja cha vijiti! Aibu tupu. Nikanyoosha mkono kuchukua gogo, Mama akakohoa. Nikaurudisha. Chai ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 8 Juni

Moto wa uji. Hakuna kilichopasuka. Lipu inatoa mvuke mwembamba, kama mtu anayepumua usingizini. Mke wangu amenipa uji bila kusema neno, ila ulikuwa na sukari. Dalili njema.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na wazo. Dada anakuja leo. Moto wa maharage utamshangaza nani? Mkate ndio utakaomshangaza! Tuvuke hatua moja tu. Nimekwenda kuchukua kuni, nimemkuta Mama amekaa juu ya rundo lote, na shali yake yenye madoa, anamenya vitunguu. Nimemwomba asogee. Akasema magoti.

Basi moto wa maharage. Chungu kiliingia asubuhi. Mchana niliutoa moto, nikaziba mlango, nikaanza kuuguza ukuta kwa mkono kama mama mwenye mtoto wa homa.

Dada amefika jua likielekea kuzama. Vipimo nyuma yake na nyundo. Hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja jikoni na kuweka kiganja ukutani. Mimi na Mama tulikuwa tumeegemea pale. 

Hakukitoa. Alikisogeza kidogo kushoto, kisha kulia, akifuata ule mstari wa migongo yetu, ambao lipu ya Baba ya zamani bado imeushika pale chini. Kisha akanigonga na kiwiko, kama alivyonigonga tukiwa wadogo:

"Sogea huko. Umenikalia mahali pangu."

Nikasogea. Daima mahali pake palikuwa pale karibu na mlango, ndipo penye joto zaidi. Tukakaa watatu, migongo ukutani, tukila maharage kwenye sahani moja. Dada alisema hayana chumvi. Alisema hivyo macho yakiwa yamelowa, kwa hiyo chumvi aliongeza mwenyewe.

Vipimo alichungulia mlangoni na kuuliza aanze kubomoa. Dada akamwambia, wewe mume wangu, una nyundo tu au una akili pia? Nenda ukapime ubavu mwingine wa tanuri. Bafu litagusana na tanuri upande ule, Mama aoge kwenye joto. Sijawahi kumwona mtu anafungua tepu kwa furaha vile.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Ni wazi kwamba mpango wangu umefaulu.

Sasa kuna kuta za bafu. Kuta za chumba! Si ndizo alizozitaja mtaalamu? Nta mahali pake hasa. Vipimo amekubali, ila akaanza kusema "lakini" usitie kwenye ukuta unaogusana na tanuri. Nilikuwa nimeshatoka nje. Ukuta unaogusana na tanuri ndio wenye joto jingi, na penye jingi ndipo pa kuweka akiba. Hata mtoto anajua.

Shida ni nta tu. Fundi viatu siku hizi akiniona anafunga kibanda.

Mke wangu amenisamehe, karibu. Amesema ule mshumaa uliobaki ameuficha mahali ambapo akili yangu haitafika. Nimesikitika, nikaenda kujipikia chai.

Uko ndani ya kopo la majani.